Mnyoo wa Saa Nne za Usiku

Mtu aliyezaliwa pwani zamani hakuhitaji daktari amweleze busha ni nini. Kutoka Lamu hadi Mikindani, wazee wenye mabusha walikuwa sehemu ya mji. Walikaa barazani, walicheza bao, walivaa kanzu zinazositiri, na vijana waliwacheka wakishafika mbali. Mguu wenye matende nao ulijulikana. Waliouandika kwa mshangao walikuwa wageni. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856 akijiandaa kwenda bara kuyatafuta maziwa makuu, aliyataja maradhi haya katika kitabu chake kuhusu Zanzibar kilichotoka mwaka 1872. Aliona yamewapata watu wa kila tabaka, matajiri na watumwa. Yanatoka wapi, hakuwa na jibu la maana.

Wenyeji walikuwa na majibu, tena mengi. Wengine walilaumu madafu: mwanamume akiyanywa kupita kiasi, maji yatashuka. Wengine walisema ni uchawi, au zinaa, au ni mambo ya ukoo, maana baba alikuwa nalo na babu pia. Lakini lipo jambo moja ambalo watu wa pwani waliliona vizuri kuliko madaktari wengi, nalo ni mtoki. Kwanza kinena kinavimba na kuuma, homa inapanda, mtu anatetemeka siku kadhaa, kisha anapata nafuu. Baada ya miezi, homa inarudi. Miaka inapita hivyo, hadi siku moja mguu unavimba na kukataa kunywea. Mpangilio huo ni sahihi kabisa. Nusu ya habari ilikuwa mikononi mwao, na nusu ya pili ilikuwa ndani ya damu, mahali pasipoonekana kwa macho.

Huo ndio mkondo wa historia nzima ya ugonjwa huu: kila aliyeugusa aliona nusu yake, na mara nyingi akadhani ameuona wote.

Vipande vya kwanza vilipatikana mbalimbali. Mwaka 1863, huko Paris, daktari mpasuaji Jean-Nicolas Demarquay alichunguza maji aliyoyatoa katika busha la mgonjwa aliyetoka Cuba, akaona ndani yake vijinyoo vinavyojipinda. Miaka mitatu baadaye Otto Wucherer, aliyekuwa akifanya kazi Bahia nchini Brazil, aliviona katika mkojo uliogeuka mweupe kama maziwa. Mwaka 1872 Timothy Lewis aliviona Calcutta katika damu yenyewe. Hawa wote walikuwa wameona watoto tu. Mnyoo mzazi alisubiri hadi Desemba 1876, pale Joseph Bancroft wa Brisbane, Australia, alipomkuta katika jipu la mkono wa mgonjwa. Ndiyo maana mnyoo huyu leo anaitwa Wuchereria bancrofti, jina lenye madaktari wawili waliotenganishwa na bahari.

Mnyoo jike ana urefu wa sentimeta 8 hadi 10, mwembamba kama uzi wa kushonea, na dume ni nusu ya hapo. Makazi yao ni katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha kwenye damu majimaji yaliyovuja mwilini. Wanaishi humo miaka mitano hadi minane, jike akitoa vijinyoo kwa maelfu bila kupumzika. Mishipa inatanuka, milango yake ya ndani inalegea, majimaji yanakosa njia na kutuama. Kwa wanaume, mahali wanapopapenda zaidi ni mishipa ya korodani, na hapo ndipo busha linapoanzia.

Kilichokuwa bado kitendawili ni safari. Mnyoo anatokaje kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine?

Aliyekitegua, au tuseme aliyekitegua nusu, ni Patrick Manson. Alizaliwa mwaka 1844 kaskazini mwa Scotland, akaenda Mashariki ya Mbali mwaka 1866 kuwa daktari wa idara ya forodha ya China, na kuanzia mwaka 1871 alikuwa Amoy, bandari ambayo leo huitwa Xiamen. Matende na mabusha yalikuwa mengi mjini hapo kama yalivyokuwa Unguja au Tanga. Manson alikuwa fundi wa kuyakata. Inasimuliwa kwamba mgonjwa wake mmoja alikuwa muuza karanga ambaye busha lake lilikuwa kubwa hata akaligeuza meza ya biashara. Alipofanyiwa upasuaji akapona, alilalamika kwamba daktari amemnyang'anya kitega uchumi. Kisa hiki huenda kimetiwa chumvi, lakini kinafundisha namna watu walivyozoea kuishi na maradhi haya.

Mwaka 1875 Manson alikwenda likizo Uingereza, akajifungia maktaba na kusoma maandishi ya Lewis kuhusu vijinyoo vya damuni. Aliporudi Amoy alikuwa na swali. Kijinyoo hakikui ndani ya damu ya mtu. Kingekua humo, mtu angejaa minyoo akafa, na mnyoo angekufa naye. Basi lazima kitoke nje. Lakini hakina njia ya kutoka chenyewe, kwa hiyo lazima kiwepo kiumbe kinachokitoa, kiumbe kinachokunywa damu, na kinachopatikana kule ugonjwa ulipo. Manson alimshuku mbu.

Mwaka 1877 alimwomba mtunza bustani wake, Hin Lo, aliyekuwa na vijinyoo katika damu, alale katika kibanda chenye chandarua. Taa iliwashwa na mlango ukaachwa wazi ili mbu waingie, kisha ukafungwa. Asubuhi mbu walioshiba walikusanywa mmoja mmoja, wakaleweshwa kwa moshi wa tumbaku, wakahifadhiwa. Manson aliwapasua chini ya hadubini siku baada ya siku. Aliona kijinyoo kikivua gamba lake tumboni mwa mbu, kikipenya hadi kwenye misuli ya kifua, kikinenepa, kikirefuka, kikianza kupata mdomo na utumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuthibitisha kwamba mdudu anayeuma watu hulea ndani yake vimelea vya maradhi ya binadamu. Malaria bado ilidhaniwa kuletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1897, Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria katika mbu huko India, akiongozwa na barua za Manson huyo huyo.

Kisha likaja jambo la saa. Manson aliwaweka wasaidizi wawili wapokezane zamu, wapime damu ya wagonjwa mchana na usiku. Mchana damu ilikuwa karibu tupu. Jua likizama vijinyoo vilianza kutokea, vikaongezeka, vikafikia kilele kati ya saa nne usiku na saa nane za usiku wa manane, kisha vikatoweka kukipambazuka. London walipopata habari hizi, inasemekana kuna aliyeuliza kwa kejeli iwapo vijinyoo hivyo hutembea na saa mfukoni. Mwaka 1881 daktari Stephen Mackenzie alimfanya mgonjwa wake alale mchana na kukesha usiku. Baada ya siku chache vijinyoo navyo vilibadili zamu, vikatoka mchana. Mbu anayevibeba huuma usiku, na kijinyoo hungoja karibu na ngozi saa hiyo hiyo.

Hapo Manson alikuwa ameshika mlango, lakini akaufungua upande usiofaa. Aliamini kwamba mbu jike hunywa damu mara moja tu maishani, hutaga mayai, na kufia majini. Kwa hesabu hiyo mnyoo humtoka mbu aliyekufa, na mtu huambukizwa kwa kunywa maji. Si haki kumcheka: vitabu vya mbu vilikuwa adimu mno, na husimuliwa kwamba alipoagiza kimoja kutoka London alipelekewa cha mende. Hata hivyo kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1899 Thomas Bancroft, mtoto wa yule Joseph wa Brisbane, aliyekuwa amejifunza kuwafuga mbu kwa wiki nyingi, alituma London mbu waliohifadhiwa. George Carmichael Low aliwakata vipande vyembamba mwaka 1900, akakuta minyoo wachanga wamejipanga ndani ya mdomo wa mbu, tayari kushuka. Maji hayakuwa na hatia. Mbu alikuwa njia ya kwenda na ya kurudi.

Hapa ieleweke kitu ambacho ni bahati yetu. Vimelea vya malaria huzaliana ndani ya mbu, lakini kijinyoo hakizaliani humo. Kikiingia kimoja hutoka kimoja, tena baada ya siku 10 hadi 14, na mbu wengi hufa kabla. Hata kile kinachofika hakidungwi ndani ya damu. Huachwa juu ya ngozi na lazima kitafute tundu. Kwa hiyo mtu huumwa na mbu maelfu ya mara, miaka mingi, kabla minyoo wa kike na wa kiume hawajakutana mwilini mwake. Ugonjwa huu unahitaji mbu wengi wasiokoma, na pwani yetu iliwapa. Mashambani wapo Anopheles wale wale wa malaria. Mjini yupo Culex, anayependa maji machafu ya mashimo ya vyoo na mitaro iliyoziba. Kila mji wa pwani ulivyopanuka bila mifereji, ndivyo Culex alivyojengewa nyumba.

Watafiti walianza kuipima Tanganyika kwa utaratibu katika enzi ya Waingereza. Mmoja wao alikuwa Frank Hawking, ambaye makala yake kuhusu mtawanyiko wa ugonjwa huu nchini ilichapishwa mwaka 1940. Vita vilipozuka mwaka 1939 alikuwa Afrika Mashariki, akalazimika kulikata bara kwa njia ya nchi kavu apate meli ya kumrudisha kwao. Mwaka 1942 alizaliwa mwanawe Stephen, ambaye dunia ingemjua kwa mambo ya nyota na wakati. Baba aliendelea na minyoo, na alichunguza mahali vijinyoo vinapojificha mchana: katika mishipa midogo ya mapafu.

Tabia hiyo ya usiku iliwatesa watafiti kuliko kitu kingine. Ili kujua kijiji kina vijinyoo kiasi gani, ilibidi timu ifike watu wakiwa wanakaribia kulala, na taa, sindano na vioo, iwatoboe vidole. Mtu akumbuke kwamba pwani hii ndiyo ya hadithi za mumiani, watu wanaosemwa huwakamata wenzao gizani na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Gari geni linaingia kijijini saa nne za usiku, watu wasiojulikana wanaomba damu, wanaondoka nayo, na hakuna anayepewa majibu. Sioni kama wanakijiji waliokimbilia mashambani walikuwa wajinga. Kipimo cha kadi, kinachotambua alama za mnyoo mzazi katika tone la damu hata saa sita mchana, kilikuja kuenea tu miaka ya 1990 mwishoni.

Dawa ilipatikana mwaka 1947: dayathilikabamazini, iliyozoeleka kwa kifupi chake cha DEC. Huua vijinyoo haraka, na wazazi wao kwa kiasi. Wachina waliitia katika chumvi ya kupikia na kuwalisha mamilioni ya watu bila vidonge, na mwaka 2007 nchi yao ikatangaza kuumaliza ugonjwa, Amoy ikiwemo. Mkoani Tanga nako, miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa Denmark walijaribu chumvi ya namna hiyo vijijini, na vijinyoo vikapungua sana. Lakini Tanzania haikuweza kuifuata njia ya China nchi nzima, kwa sababu Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na milima ya Usambara kulikuwa na usubi, ugonjwa wa mnyoo mwingine unaopofusha macho. Mwenye usubi akimeza DEC, vijinyoo vya usubi hufa kwa kishindo ngozini na machoni, na dawa inaweza kumwachia upofu.

Jaribio ninalolipenda zaidi katika historia hii lilifanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mji unaojulikana kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Vyoo vyake vya shimo vilikuwa na maji, na ndani ya maji hayo Culex walizaliana kwa wingi usiosemeka. Karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijinyoo. Mwaka 1988 Caroline Maxwell na Chris Curtis wa London, pamoja na wenzao wa Zanzibar, walimwaga ndani ya mashimo hayo punje za plastiki nyepesi, zile zinazotumika kufungia vyombo visivunjike. Punje huelea na kufanya tabaka juu ya maji. Mbu jike hapati pa kutaga, na viluwiluwi waliomo hawawezi kufika juu kuvuta hewa. Tabaka hilo haliozi, na maji yakipanda nalo hupanda. Wakati huo huo wakazi walipewa DEC. Mbu wakapungua kwa zaidi ya tisa katika kila kumi, vijinyoo vikashuka mwaka hadi mwaka, na havikupanda tena. Katika kijiji kingine kilichopewa dawa peke yake, vilishuka kisha vikaanza kurudi polepole. Ushahidi ulikuwa wazi kiasi hicho, na ulikuwa wa bei nafuu.

Hata hivyo dunia ilichagua vidonge, na sababu yake inaeleweka. Katika udongo uliochotwa na Satoshi Ōmura huko Japani mwaka 1974 kulikuwa na bakteria ambao William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck walitengeneza kutokana nao ivermektini. Mwaka 1987 Merck ilitangaza kuitoa bure dhidi ya usubi, na mwaka 1998 ikaahidi vivyo hivyo kwa matende katika nchi zenye magonjwa yote mawili. Kampuni ya SmithKline Beecham nayo ikaahidi albendazoli, dawa ya minyoo. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikuwa umekwishaazimia mwaka 1997 kwamba ugonjwa uondolewe. Wakati huo walioambukizwa duniani walikadiriwa kuwa milioni 120. Dawa ya bure haikataliwi.

Tanzania Bara ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, mpango ukiongozwa na Dk. Mwele Malecela. Huyu alikuwa mtafiti wa matende Tanga tangu ujana wake, na alisomea shahada yake ya uzamivu London katika chuo kilekile ambacho mzizi wake ni shule aliyoianzisha Manson mwaka 1899. Baadaye aliongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, Geneva, hadi alipofariki mwaka 2022. Zanzibar ilianza mwaka 2001, visiwa vyote kwa mpigo. Masheha na wagawa dawa walipita nyumba kwa nyumba na kijiti cha kupimia urefu, kwa kuwa kipimo cha ivermektini hufuata kimo cha mtu. Uvumi haukukosekana: vidonge vinafunga uzazi, vinamaliza nguvu za kiume. Pamoja na hayo, zaidi ya robo tatu ya wakazi walimeza kila mwaka, na Zanzibar ikatajwa katika majarida ya sayansi kuwa mfano wa kuigwa.

Mwaka 2006 ugawaji ukasimamishwa. Hesabu ilikuwa kwamba vidonge hivi huua vijinyoo na kumfanya mnyoo mzazi akose kuzaa kwa muda, kwa hiyo ukizima uzazi miaka mitano mfululizo, wazazi watazeeka na kufa. Vipimo vya awali havikuona kijinyoo. Lakini kutoona kijinyoo katika maeneo machache ya kupimia si sawa na kutokuwapo kwa mnyoo. Mwaka 2012 walipimwa watoto wa madarasa ya chini, wenye umri wa miaka sita na saba, ambao miili yao ni daftari la maambukizi mapya. Ilibainika kwamba maambukizi hayakuwa yamekatika. Mwaka 2013 masheha walirudi barabarani na kingatiba. Mimi siwezi kuisoma habari hiyo bila kuyafikiria mashimo ya Makunduchi.

Wakati huo utafiti uliendelea pengine. Huko Kimang'a, wilayani Pangani, wanaume wenye minyoo walipewa doksisaiklini kwa wiki nane, dawa ya kawaida ya bakteria, kwa kuwa ndani ya mnyoo huyu huishi bakteria aitwaye Wolbachia ambaye bila yeye mnyoo hawezi kuzaa wala kuishi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionesha minyoo wazazi wenyewe wakifa. Ila wiki nane za vidonge vya kila siku, visivyofaa wajawazito na watoto wadogo, haziwezi kugawiwa kijiji kizima. Kenya, ambayo iliwaangamiza inzi wadogo wa usubi huko Nyanza kwa DDT katika miaka ya 1940 na 1950, ilikuwa huru kutumia DEC. Ilianza Kilifi mwaka 2002, ikakatizwa mara kwa mara, na mwaka 2018 ikajaribu Lamu na Jomvu, Mombasa, mchanganyiko wa dawa tatu kwa pamoja, unaosafisha damu kwa muda mrefu zaidi kuliko dawa mbili.

Dawa zote hizo ni za kulinda wasioumwa. Aliyekwisha kuvimba hazimrudishii mguu wake. Kwake matibabu ni sabuni na maji safi kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole, kutibu kila mchubuko kabla bakteria hawajaingia na kuleta tena homa ya mtoki, na kuuinua mguu anapolala. Busha linahitaji kisu. Kwa miaka mingi hospitali za wilaya ziliwaorodhesha wenye mabusha mwisho, baada ya kila dharura, na wengi hawakurudi kuulizia zamu yao mara ya pili. Kambi za upasuaji zilipoanza kufunguliwa katika mikoa ya pwani kwa malipo ya miradi, foleni zilijaa wanaume wenye umri wa kufanya kazi bado, wavuvi na wakulima, baadhi yao wakiwa wameacha kuvua au kulima kwa sababu ya busha, na wengine wakiwa hawajawahi kumweleza daktari yeyote.